Jivu Lililopotea Kariandusi

Kazi ya kuchimba visima vya utafiti kule Kariandusi niliipenda kwa sababu moja: ningelala kwangu Nakuru. Siku ya kwanza, hata gambuti sijapewa, nilimuuliza Fundi Mkuu tunafunga saa ngapi.

“Boss, hujafungua unataka kufunga?” akasema. Jina likanishika: Kufunga.

Mashine ilizamisha bomba na kulitoa limejaa udongo mrefu kama soseji. Tuliuita sampuli. Mimi niliupanga kwenye masanduku, ncha ya juu nikiipaka rangi nyekundu. Ninyi vijana mtaona ni mchezo, lakini ukiugeuza umegeuza maelfu ya miaka. Udongo mweupe, mwepesi kama unga, ni maganda ya vijimea vya majini: enzi hizo mvua ilinyesha na ziwa likajaa. Wa kahawia ni ukame. Jivu ni mlima uliotapika.

Kisima cha kwanza kilikuwa na jivu, mkanda mnene kabisa kati ya weupe na kahawia. Cha pili, hatua chache tu kando, tulitoka kwenye weupe tukaingia kahawia. Jivu hakuna.

“Kufunga ameangusha kipande akanyamaza,” Fundi Mkuu akamwambia Daktari, mama mwanajiolojia aliyekuwa mkubwa wetu. “Tumpeleke stoo ya Lodwar.”

Lodwar, kule mbali kaskazini! Mimi ambaye nikifika Gilgil tu naanza kukumbuka kitanda changu!

“Daktari, haki sijaangusha kitu.”

Daktari aliinama kwenye sanduku. Alichukua kipande pale rangi zilipokutana, akakiosha, akakiinamisha juani. Uso wa kipande hicho ulikuwa wa mshazari, umelainika, una mikwaruzo.

“Huu ni ufa,” akasema. “Ardhi ilikatika, upande mmoja ukateleza chini. Jivu lipo, ila kisima kimepita katikati ya vipande vyake viwili.”

Akatupeleka kwenye ukuta wa machimbo ya udongo mweupe yaliyokuwa karibu. Kweli, mkanda wa jivu ulikuja vizuri, ukakatika, ukaendelea chini kama ngazi.

“Basi Lodwar imekukosa,” Fundi Mkuu akanung’unika.

Tulirudi kwenye mashine. Nikakalia sanduku, nikauliza, “Leo tunafunga saa ngapi?” Hata Fundi Mkuu alicheka.

Siku hizi nimestaafu. Mke wangu hunitania kwamba hata Naivasha imenishinda kwenda. Namwambia Bonde la Ufa bado linapanuka polepole, linatubeba sisi na viti vyetu. Safari hiyo naikubali. Haina kufunga mizigo.