Moto Nilioutoa Baba Akiwa Porini

Upepo wa Julai kwetu Haneti ulikuwa na sauti yake. Ulianza kuvuma alfajiri kutoka upande wa vilima, ukapita juu ya paa la tembe letu ukilia kama mtu anayepuliza chupa tupu, na vumbi lake liliingia machoni, kwenye uji, hata katikati ya meno. Watu wa pwani wakisikia Dodoma hufikiria jua tu. Wangekuja kututembelea mwezi ule wangejua kwamba nchi kavu nayo humtetemesha mtu mpaka taya zikagongana. Nilikuwa na miaka tisa, na mwaka ule baridi ilikuja pamoja na njaa, kwa sababu uwele ulikauka shambani kabla ya kubeba, na ghalani kwetu kulibaki mlenda mkavu na panya waliokonda kutushinda sisi wenyewe.

Katikati ya kipupwe hicho mama alijifungua mtoto wa kiume. Alimzaa njiani akitoka kuchanja kuni, kwa hiyo akaitwa Msafiri. Alikuwa mdogo mno, ngozi yake imelegea kama nguo ya kuazima, na maziwa ya mama hayakutaka kutoka. Wanawake wote waliokuja kumpa hongera walisema neno moja: mzazi apate mchuzi wa nyama. Ni rahisi kusema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hao wanawake walikuwa na njaa kama sisi, ila hawakuwa na neno jingine la kutupa. Mbuzi wetu walikuwa wamekwisha, baadhi kwa ugonjwa, baadhi kwa kubadilishwa na mahindi. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, na mama hakuweza hata kusimama mlangoni.

Baba alikuwa mwindaji. Sitampamba: hakuwa na kibali, na alijua kwamba akikamatwa atafungwa. Tena msimu ulikuwa umeshapita. Wenzake walikuwa wamekwisha kuning'iniza pinde zao darini, maana swala walishafuata maji mbali sana, na pori lilibaki miiba na majivu ya nyasi zilizoungua. Wakamwambia asubiri, wakamwambia upepo wa namna ile unampelekea mnyama harufu ya mtu kabla mtu hajamwona mnyama. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akachukua upinde, mishale, kibuyu cha maji na mbwa wawili, akaondoka kukiwa bado giza. Mama alilia kimya kimya, amegeukia ukutani.

Kabla hajatoka baba alituambia jambo ambalo halikuwa na haja ya kusemwa, kwa kuwa kila mtu nyumbani kwetu alilijua. Mwindaji akiwa porini, moto wa nyumba yake hauzimwi wala hautolewi nje, la sivyo mawindo yatamponyoka. Jirani akija kuomba kaa anaambiwa kwa upole aende kwingine, mpaka mwenye nyumba arudi. Tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili tuliimba kwa sauti kubwa kuliko wengi, lakini sharti hilo hakuna aliyelichezea. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyelilinda. Alikaa jikoni mchana kutwa akisogeza vijinga, na mtu akisogelea mlango alimtazama kwa jicho moja kama kuku anayelinda vifaranga.

Siku ya pili, mchana, manyunyu yalianguka. Hayakuwa mvua ya kumsaidia mkulima, yalikuwa maji baridi ya kutesa watu tu. Bibi alikuwa ameteremka korongoni kuchota maji, mama na mtoto wamelala, nami nimeachiwa jiko. Akaja Mama Zuhura, jirani yetu aliyehamia kutoka Kondoa mwaka uliotangulia, ameshika kigae mkononi, khanga imemganda mwilini kwa kulowa. Kwao hawakuwa na sharti letu, na hakuna aliyewahi kumweleza.

"Mwanangu, kiberiti changu kimelowa chote," akasema. "Zuhura ana homa, anatetemeka. Nipatie kaa moja tu, Mungu atakulipa."

Nikamjibu kwamba baba yuko porini. Hakunielewa. Akasema, "Mungu amrudishe salama," akaendelea kusimama, maji yakimtiririka kwenye kidevu. Wiki iliyotangulia tu mama huyo alikuwa ametuletea karanga za mwisho nyumbani kwake ili mama yangu apate nguvu. Nami tangu nikiwa mdogo nilifundishwa kwamba mchoyo wa moto ni mchoyo kuliko wote. Nilitazama njia ya korongoni, Bibi hakuonekana. Nikachukua makaa mawili, si moja, nikayaweka kwenye kigae chake.

Bibi aliporudi alitua ndoo na kusimama. Kizingitini palikuwa na majivu na kipande cha kaa kilichodondoka. Aliyafagia kwa mkono, akaniangalia. Akaketi pale pale jikoni akaanza kusogeza vijinga vyake kama kawaida.

Baba alirudi jioni ya siku ya tatu na mbwa mmoja. Midomo ilikuwa imepasuka, miguu imevimba, na mikono haikuweza kufungua hata kamba ya podo. Bibi alimkanda kwa maji ya moto huku baba akieleza yaliyompata. Siku ya pili, mchana, alimkuta swala jike peke yake, akampiga mshale ubavuni. Damu ilikuwa nyingi, alijua hafiki mbali. Kisha manyunyu yakashuka yakaiosha njia yote, naye akazunguka kwenye miiba mpaka usiku ukamkuta bila kuona hata unyoya. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aliponyamaza, alitazama jiko letu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani ametoa moto?"

Nilitaka kusema, naapa nilitaka, lakini niliona jinsi baba alivyokuwa akitutazama, nikaogopa.

"Ni mimi," Bibi akasema. "Nimezeeka, nilisahau."

Msafiri alifariki baada ya siku mbili. Alikufa mchana, kimya, kwenye mikono ya mama, na mama aliendelea kumbembeleza kwa sababu hakujua. Baba alichimba kaburi mwenyewe, udongo mgumu kama tofali, hakutaka msaada wa mtu. Kuanzia siku hiyo hakumwamkia mama yake. Mtu aliyetufundisha kwa fimbo kusema shikamoo alimpita mzazi wake uani kama anapita kisiki, na chakula alichopika Bibi hakukigusa. Mvua za kwanza zilipokaribia, Bibi alifunga vitu vyake kwenye kitenge akahamia kwa shangazi yangu. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilianza kulia, nikataka kusema ukweli, akanifunika mdomo kwa kiganja chake. "Wewe bado una miaka mingi ya kuishi naye," akaniambia. Miaka miwili baadaye alirudishwa Haneti akiwa maiti, kama alivyoomba, akazikwa karibu na Msafiri. Baba alisimama mbali, hakutia udongo.

Leo ninaishi Nkuhungu, Dodoma mjini, na kazi yangu ni uuguzi. Wazazi wenye maziwa haba na watoto waliozaliwa na uzito mdogo ndio ninaowahudumia kila siku. Nawaweka kifuani mwa mama zao wapate joto, na wengi wanapona. Najua kilichomuua ndugu yangu. Najua pia kwamba manyunyu huosha damu hata kama hakuna mtu aliyetoa kaa popote duniani. Ninaweza kumweleza mtu yeyote mambo hayo kwa utulivu, isipokuwa mtu mmoja. Mama alishatangulia, na baba ninaye hapa nyumbani, maana magoti yake yanahitaji hospitali mara kwa mara. Ni mzee mpole sasa, wajukuu wanamchezea masikio. Ninapika kwa gesi, nyama ninainunua buchani nikitoka kazini, na kila jioni ninamwekea bakuli la mchuzi. Nimekuwa mwoga kwa miaka mingi kiasi kwamba uoga umekuwa ndio heshima yangu kwake.

Julai iliyopita upepo ulivuma sana. Tulikuwa tumemaliza kula, watoto wametoka, tumebaki wawili. Alijikohoza akasema ana neno la kuniusia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

"Nikifa mnirudishe Haneti, lakini msinilaze karibu na mama yangu. Mniweke kule mwisho. Hata kama nafasi ni finyu, karibu naye, hapana."

Tulikuwa peke yetu. Hakuna aliyenifunika mdomo.

"Sawa, baba," nikasema, nikakusanya vyombo.