Sufuria ya Mama Marceline Yarudi Naviundu

Saa moja asubuhi, mtaa wa Naviundu, Lubumbashi. Mama Marceline Ngosa ameketi kwenye kigoda mbele ya sufuria ambayo mtoto wa miaka mitatu angeweza kuogea. Uji wa mahindi umeepuliwa kitambo. Anachovya kidole, anakunja uso, anatikisa kichwa.

"Hapana kuharakisha," anasema. "Ikiwa moto sana, mizizi inakufa. Ikiwa baridi, inakatala kutumika."

Baadaye anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na uji mzito unaanza kulegea. Kesho utakuwa munkoyo, kinywaji chepesi chenye uchachu kidogo, na waashi watapanga foleni, glasi franki mia tano.

Mama huyu ana miaka sabini na miwili. Magoti yake, kwa jinsi anavyoyalalamikia, yana mia. Mumewe, fundi wa reli, alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, na pensheni ikapotelea katika makaratasi. Munkoyo ndio uliosomesha watoto wanne.

Mwaka jana nusura kazi hiyo ikome. Kifungua mimba wake, Donat, fundi wa magari huko Kipushi, alikuja na gari la kuazima akaichukua sufuria.

"Bantu balikuwa banasema, 'Donat iko fundi, na mama yake iko nauzisha munkoyo ku barabara,'" anaeleza Donat akijikuna kisogo. "Nilisikia haya. Nikamuambia: mama, pumuzika, nitakutumia bukari kila mwezi."

Alituma kweli unga huo wa ugali, bila kukosa. Mama akala, akakaa bure. Majirani waliokuwa wakijaa uani wakaadimika. Ilimuuma sana.

"Tumbo ilishiba," anasema. "Lakini hakuna muntu aliniuliza kitu. Nilikuwa sawa na kiti."

Ukombozi ulitoka jikoni kwa Donat mwenyewe. Binti yake alikuwa akipata komunyo ya kwanza, na mkewe, Cathy, akaamua kupika munkoyo kwa sufuria ileile. Cathy ni mtu wa mbio. Alitia mizizi uji ukiwa bado unatokota. Siku ya sherehe wageni wakapewa glasi za uji mzito. Mjomba Mutale, aliyetoka Sakania kwa treni, mtu mpole asiyependa kumwaibisha mwenyeji, aliomba kijiko.

"Nilitamani udongo inimeze!" Cathy anaangua kicheko. "Njo nikapiga telefone: mama, kuya unifundishe."

Mama Marceline akasema haendi ng'o. Sufuria ndiyo ije. Jumapili iliyofuata Donat aliirudisha, na mapatano yakafanyika palepale uani: mama atapika siku tatu kwa wiki badala ya sita, na Donat atamlipa mtu wa kumbebea maji na makaa.

Sasa mama ana mpango. Siku tatu zilizobaki anataka kuwapa wajane wawili jirani, Mbuyi na Dorine, wasio na pensheni kama yeye. Mbuyi mikono imechoka, lakini hakuna anayemshinda kuchagua mizizi. Dorine hasikii vizuri, lakini uji wake hauna hata donge moja.

"Kila mumoja iko na kitu anajua," anasema. "Juu ya nini tuikale bure?"

Donat, aliyekuja kumsalimia, anauliza kwa sauti ya chini ataacha lini. Mama anaweka mwiko pembeni na kumtazama.

"Siku nitachoka, nitakuambia miye mwenyewe. Utaniamini?"

Donat anainamisha kichwa. "Nitakuamini, mama."