Asali ya Kumnywesha Babu

Hivi mwenzangu, ulishawahi kuona sisimizi wanamfuata mtoto?

Mimi nimeona. Na nilishachoka kuyakumbuka hayo, ila juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki hapa Kambarage. Binti wa sekondari, mashavu haya, amejaa! Nesi akamtoboa kidole, akatazama kale kamashine kake, akasema, "Bibi, sukari ya huyu imepanda. Bado haijawa ugonjwa, lakini iko njiani. Arudi Jumatatu asubuhi, asile kitu, tumpime vizuri." Kutoka nje tu, mjukuu kanigeukia: "Mimi sirudi. Wenzangu wataniita mgonjwa."

Nikamkalisha jikoni tukawa tunachambua mchicha, nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe.

Sisi tulikulia upande wa Mhunze. Kiangazi kikifika, mawe yote ya nyuma ya nyumba yanakuwa meupe kwa viazi. Wanawake wanamenya, wanakata, wanaanika, hiyo ndiyo michembe. Vile vilivyochemshwa kwanza halafu vikaanikwa ndiyo matobolwa, vitamu, mwenzangu, pipi gani! Kazi yetu mimi na mdogo wangu wa kike ilikuwa kufukuza mbuzi. Yeye alikuwa anacheka hata mbuzi wanasimama kumtazama. Nikimkumbuka nasikia ile harufu ya viazi na vumbi la ng'ombe wakirudi.

Basi mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya, mdogo wangu akaanza kunywa maji. Siyo kunywa kama mimi na wewe. Anainamia mtungi kama ndama. Na maji yenyewe tunayabeba kichwani kutoka lamboni, shingo inauma. Mama anapiga kelele: "We mtoto, tumbo lako limetoboka?" Anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Anakula kuliko kaka zetu, lakini mbavu unaziona. Na pale alipochuchumaa nyuma ya zizi, sisimizi wanapanga mstari. Sisi watoto tunacheka: "Haoo! Wamekuja kunywa chai!"

Bibi yetu hakucheka. Akamchukua mpaka kwa mfumu, yule mganga wetu wa Kisukuma. Mfumu akampasua kuku, akatazama ndani, akasema kiu ile siyo ya mtoto. Ni ya babu mzaa baba, aliyefia njiani akiswaga ng'ombe, hakupata hata tone la maji. Amemjia mjukuu wake, anataka kunyweshwa. Na babu alipenda nini? Asali.

Kwetu mtoto akishatajwa hivyo, anaheshimiwa. Mdogo wangu akavalishwa shanga nyeupe, na asubuhi lazima tumwamkie. "Shikamoo babu!" Naye anajibu kwa sauti nzito, "Marahaba, wajukuu zangu, ng'ombe wamekunywa?" Tunaanguka kwa kicheko. Halafu bibi anamletea kibuyu cha maji ya asali, ile asali nyeusi ya upande wa Kahama, anamshika kichwa: "Kunywa, baba, kunywa upoe." Anakunywa yote. Kiu inazidi. Bibi anasema, babu bado hajatosheka, ongezeni asali.

Nakwambia, kile kibuyu kilishikwa kwa mapenzi. Hakuna mtu pale aliyemchukia yule mtoto.

Akaja kushindwa kuamka. Anahema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyolala juani. Baba akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakampeleka hospitali, mimi nikapanda nyuma kumshika. Daktari akatoka akauliza, "Anakula nini huyu? Ana ugonjwa wa sukari." Mama akakasirika kabisa: "Sukari? Daktari, sisi hata ya chai hatununui!"

Wakamwokoa. Mama akafundishwa kupiga sindano kwa kuchoma chungwa kwanza. Sindano yenyewe ya kioo, inachemshwa kwenye sufuria. Dawa inataka baridi, na friji tungetoa wapi? Tukaitia kwenye chungu kidogo, chungu tukakifukia kwenye mchanga, na mimi kila siku naulowesha ule mchanga. Mdogo wangu akarudi kuwa na nyama. Akatoa shanga. Bibi akimwona anajisahau, "Shikamoo babu," naye anasema, "Bibi, babu ameshakwenda zake."

Akakua, akawa msichana, akaanza kusuka nywele. Halafu ikaja ile miaka ya kukosa kila kitu. Hakuna sabuni, hakuna chumvi, watu wanajifunga magunia. Dawa nayo ikakosekana. Baba akazunguka hospitali baada ya hospitali, mpaka upande wa Geita alikwenda, akarudi na mikono yake tu. Kwenye chungu kile kichupa kimekauka, mdogo wangu tumeshamzika, na mimi bado nalowesha mchanga. Sikujua niache lini.

Nesi ameniambia ya mdogo wangu ilikuwa aina nyingine, asali haikuileta, ilimzidishia tu. Hii ya mjukuu ni ya kwenye ukoo na masoda na kukaa, na ikiwahiwa inarudi nyuma. Inarudi nyuma! Mwenzangu, sisi tungepewa neno hilo moja tungelia kwa furaha.

Siku hizi yale mawe wameyapasua kokoto. Matobolwa naletewa na mtu wa sokoni, yako kwenye mfuko wa plastiki, hayana ladha ya jua. Bibi hayupo, mama hayupo, na sauti ya mdogo wangu nimebaki nayo mimi peke yangu, na mimi mwenyewe magoti hayanibebi.

Mjukuu alichambua mpaka mchicha ukaisha. Nikajua sasa atainuka aende kwenye simu yake. Akaosha mikono, akaja akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Bibi, Jumatatu nitakwenda. Na majibu yatakavyokuwa, nitakuja kukwambia wewe kwanza. Hata yakiwa mabaya, sitakuficha."