Majina Manne Yaliyoandikwa Mara Mbili

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi karani alimaliza kubandika orodha ya wapiga kura kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji chetu, wilayani Kibondo. Alitumia uji wa muhogo kwa sababu gundi ilikuwa haijaletwa, na kabla ya saa nne mbuzi walikuwa wamekwisha kulamba pembe ya karatasi ya tatu. Saa naikumbuka kwa hakika. Nilikuwa nimesimama pale na daftari langu, nikisubiri aondoke nianze kunakili.

Ulikuwa uchaguzi wa viongozi wa vijiji na vitongoji. Orodha yake huandikwa kwa mkono. Hakuna mashine ya kupima vidole. Karani huketi na meza na kitabu, mtu hutaja jina na umri, hutia sahihi au dole gumba, akaenda zake. Kwa hiyo ni orodha ambayo kila mtu anaweza kuisema vibaya, na kwa wiki kadhaa kijiji kilikuwa hakifanyi kazi nyingine.

Upande uliokuwa na kiti cha mwenyekiti ulisemewa na mwalimu mstaafu. Upande uliokitaka ulisemewa na mnunuzi wa maharage. Mnunuzi alidai kwamba watu wetu wanaolima upande wa Kasulu wameandikwa huku na huko, na kwamba siku ya kura watabebwa kwa lori wapige mara mbili. Mwalimu alidai kwamba mnunuzi ndiye anayeingiza wakimbizi wa kambi ya Nduta kwenye kitabu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameifungua orodha.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma, na kijitabu cha kanuni za uchaguzi ule nilikinunua kwa fedha yangu. Sikuwa na kadi ya chama chochote. Kazi yangu hunipeleka Kasulu na kunirudisha kwa pikipiki karibu kila wiki. Mvua zinapoanza, nusu ya kijiji chetu huhamia mashambani upande ule, hulala kwenye vibanda mpaka kupanda kuishe. Mahali pale pa mashamba napo ni kitongoji, na kina orodha yake. Basi siku moja wakibishana mbele ya mashine niliyokuwa nikiitengeneza, niliwaambia wanyamaze. Nitanakili orodha zote mbili, nitalinganisha jina kwa jina.

"Na ukikuta majina hewa?" mnunuzi aliuliza.

"Nitaandika hewa."

"Mwacheni," mwalimu akasema. "Huyu hata pumzi zake anazihesabu. Akifa atatuachia risiti." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kazi ilichukua siku nne. Nilipanga majina kwa herufi, nikaweka umri na jinsia pembeni ili nisichanganye watu wawili wenye jina moja. Yaliyoonekana kwenye orodha zote mbili yalikuwa manne. La tatu lilikuwa la mama mkwe wangu.

Nilimkuta nyumbani kwake akichambua mbegu za maharage, zilizotobolewa na wadudu akizitupia kuku. Nilimuuliza kwa adabu, nikiwa nimekaa mbali kidogo kama inavyonipasa.

"Nilimwona yule kijana ana meza na kitabu," alisema. "Nikapanga foleni."

"Ulikuwa umekwisha kujiandikisha hapa, Mama."

"Hakuniuliza."

Ilinibidi nielewe alivyoelewa yeye. Aliingia nchi hii mgongoni kwa mama yake, akitoka Burundi. Alikulia hapa, akaolewa hapa. Miaka ile watu wa asili yake walipokusanywa kutoka vijijini na kupelekwa kambini, naye alichukuliwa na watoto, mke wangu akiwa mdogo. Kule kambini wenye vitabu walikuja wakati wowote. Asiyekuwa kwenye mstari alifutwa, na posho yake ya chakula ilikoma mpaka hesabu nyingine. Safari moja walihesabu yeye akiwa mtoni anafua, na watoto walikula kwa majirani siku kumi na tano. Tangu hapo, akimwona mtu amekaa na meza na kitabu, anasimama nyuma ya aliye mbele, kisha ndipo anauliza ni hesabu ya nini. Wawili kati ya wale wengine watatu walikuwa wenzake wa mistari hiyo. Wa nne alijiandikisha kule kwa sababu karani wa kule alikuwa shemeji yake, akataka kumchangamsha.

Nilimweleza kwamba kujiandikisha mara mbili ni kosa.

"Basi kanifute kule kwenye mashamba," alisema. "Hapa niache. Hapa nimezika mume, na hapa nina cheti changu. Nisije nikaonekana tena mtu wa kuhesabiwa na wageni."

Hicho ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine. Cheti cha uraia alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Tangu akipate alikuwa hajakosa kura hata moja.

Jioni mke wangu aliniambia niliache jina la mama yake. Nilijibu kwamba hapo hesabu itakuwa tatu, na tatu si kweli.

"Baba watoto, nani atajua?"

"Mimi."

 Nami sikuona kwamba nafanya ukatili. Nilikuwa nimekisoma kifungu mara mbili na kuelewa kwamba jina litafutwa mahali pamoja na kubaki pale mtu anapoishi. Niliandika chini ya majina maelezo ya mistari mitano: kwa nini kila mmoja alijiandikisha mara mbili, na kwamba sikuona nia ya kudanganya. Niliamini kwamba manne katika kurasa zote zile yangewatia aibu waliokuwa wakitaja malori.

Siku ya pingamizi nilisoma majina mbele ya ofisi. Nilipofika kwenye maelezo, mnunuzi alikuwa amekwisha simama.

"Manne, yaliyopatikana na mtu mmoja mwenye pikipiki," alisema. "Mngempa gari angeleta mangapi?"

"Tusiruke," mwalimu akajibu. "Watatu kati ya hao asili yao ni wapi? Fundi, si mkweo huyo? Tuambie."

Nilisema ni raia. Nilisema kuna maelezo ambayo sijayasoma. Mwalimu aliniambia nimefanya kazi nzuri, nikae. Kabla ya jua kuzama pande hizo mbili, ambazo tangu kiangazi hazikuwa zimekubaliana hata juu ya mahali pa kuweka viti, zilitia sahihi kwenye karatasi moja ya pingamizi: wanne wafutwe kwenye orodha zote mbili. Mnunuzi alihitaji ushahidi kwamba kuna wizi. Mwalimu alihitaji ushahidi kwamba wezi ni wageni. Daftari langu liliwatosha wote. Karani, mwalimu kijana aliyepangiwa kwetu kutoka pwani, alifuta kwa rula na kalamu nyekundu. Nilimwonyesha kifungu. "Mzee, mimi naandika wanachokubaliana," alisema. Yule wa nne alirudishwa kesho yake kwa maelezo ya mdomo. Wale watatu majina yao yalipelekwa mbele, na wakaitwa ofisi ya uhamiaji mjini kuthibitisha uraia.

Nilimpeleka mama mkwe mara tatu, kwa basi. Mara ya kwanza walichukua cheti wakakikague. Mara ya pili aliyekichukua alikuwa safarini. Mara ya tatu afisa mmoja alimsalimia ghafla kwa Kirundi, naye akaitikia. Afisa akaandika kitu. Hata mimi ningeitikia; Kiha chetu na Kirundi vinasikilizana, na katika chumba kile hakuna ambaye hakuielewa salamu ile ila afisa mwingine aliyetoka mkoa wa mbali. Mama mkwe alikunja mikono mapajani, akamwita afisa yule, aliye mdogo kuliko mwanawe wa mwisho, "mzee".

Cheti kilirudishwa siku tisa baada ya kura kupigwa. Siku ya kura yenyewe alikuwa shambani Kasulu, anapanda maharage yaliyochelewa kwa safari zile za mjini.

Kiti kilibaki kwa waliokuwa nacho. Mnunuzi alisema kimeibwa, akataja majina manne. Mwalimu alisema wameshinda licha ya wageni, akataja matatu. Mwezi uliofuata nilikuwa Kabanga nafunga mashine, na mteja nisiyemjua akanisimulia kwamba Kibondo fundi mmoja amewafichua Warundi arobaini kwenye daftari. Nilimwambia walikuwa wanne, na mmoja alikuwa Muha. Akaniuliza kama mimi nilikuwepo. Nikamjibu kwamba nilikuwepo. Akasema basi sikuangalia vizuri.

Mama mkwe hajanilaumu. Ananisalimia kama zamani, na chakula ananiwekea. Lakini barua yoyote ikimfika sasa anampelekea katekista amsomee, na nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mgomba mmoja.

Mavuno yalipokwisha nilijumlisha alichopoteza, nikamlipa kwa awamu mbili kupitia kwa mke wangu. Nauli za safari tatu kwa watu wawili, elfu sitini; hizo nilikuwa nimezitoa mimi, lakini yeye alikuwa amekwisha kunirudishia kwa kuuza mbuzi. Picha na nakala, elfu tisa. Kodi ya shamba sikuihesabu, kwa kuwa angeilipa kwa vyovyote. Alizoea kuvuna magunia manne ya maharage. Mwaka ule alipata moja, na gunia liliuzwa laki moja na elfu themanini. Jumla ni shilingi laki sita na elfu tisa.