Kibuyu cha Kogo Kilichobaki Barbados

Nakumbuka siku niliyorudi kwetu Kapkatet na begi la magurudumu, mwanangu, kofia ya ukindu kichwani, nikitembea kama niliyeinunua barabara. Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa kimealikwa Barbados, kisiwa cha Karibi, kwenye sherehe zao za kumaliza mavuno ya miwa. Wakati huo nilikuwa msichana, na kisiwa chenyewe nilikuwa nikidanganya watu kwamba nakijua.

Kabla sijaondoka, Kogo, nyanya yangu aliyenilea, alinipa kibuyu chake cha mursik, yale maziwa lala yetu ya mkaa. Alikipokea kwa mama yake siku ya kuolewa, na siku yangu kingekuwa changu. “Cheza nacho,” akaniambia, “lakini ukirudishe. Nitakunywesha humo.”

Basi nikacheza. Bahari ya kule ni nzuri, sitakudanganya, na mchanga wake mweupe kama unga wa mahindi. Watu wamevaa manyoya, ngoma zinalia, nami katikati nimeinua kibuyu, napigiwa makofi. Mwacha mila ni mtumwa, nikawaambia, kifua mbele. Siku ya mwisho, pale ufuoni, mtalii mmoja akakisifu, akanivisha kofia yake, akaomba nimwachie kibuyu kiwe kumbukumbu. Nikampa. Sifa zilikuwa zimenilewesha kuliko pombe yao ya miwa.

Nyumbani nikakuta majirani wamejaa, wengine wametoka moja kwa moja kuchuma chai. Kwetu mtu akitoka mbali hupokewa kwa maziwa, nayo yalikuwa tayari kwenye sufuria. Kogo akanyoosha mkono apewe kibuyu chake.

“Nilimpa mgeni mmoja, Kogo. Nitakununulia kingine, sokoni viko vingi.”

“Anaitwa nani?”

“Sikumuuliza jina.”

Akaushusha mkono. “Kitu cha mama yangu,” akasema polepole, “umempa mtu usiyemjua hata jina.” Halafu akamgeukia jirani yetu. “Mama Chebet, niazime kibuyu chako. Mtoto amerudi, siwezi kumpokea kwa kikombe.”

Nikanywa kutoka kibuyu cha kuazima, nyumbani kwetu, mbele ya watu wote. Niliona aibu, mwanangu. Nilimnunulia kingine, kizuri, chenye shanga. Akashukuru, akakitundika ukutani. Hakukitia maziwa mpaka alipokufa. Majuto ni mjukuu, husema watu, na mjukuu mwenyewe ni mimi. Mpaka leo, nikipita sokoni Kapkatet nikaona vibuyu vimepangwa, nageuza uso.

Sasa na wewe umealikwa kisiwa hicho hicho, umekuja kuniomba shanga za mama yangu ukachezee. Chukua. Ogelea, cheza mpaka jua lichomoze, kula cha watu na ushukuru. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Anayekupigia makofi leo, kesho atampigia mwingine. Anayekungoja mlangoni ni mmoja. Ulichoazimwa na wako si chako kugawa, hata ukisifiwa namna gani.

Mungu akutangulie, akurudishe na vyote ulivyoenda navyo. Na ukifika mlangoni, asilazimike mtu kukuazimia kibuyu kwa jirani.