Lori Halianguki

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naweza kukusimulia mpaka rangi ya matope yake. Matope ya Uriri ni meusi na yananata, na wakati wa mvua lori la miwa likiingia pale bondeni chini ya soko, halitoki mpaka watu walisukume. Siku hiyo waliolisukuma walikuwa vijana wa sekondari waliokuwa wakirudi nyumbani. Nilisimama kando, mikono kiunoni, nikaona lori limejaa miwa mpaka juu linapanda kilima kama toroli tupu. Nikasema moyoni: hawa ndio wachezaji wangu wa mbele.

Nakuandikia, mjukuu wangu akinishikia kalamu, wewe uliyepewa filimbi juzi ukaambiwa ufundishe watoto raga. Ulikuja kuniuliza siri za zamani, kwa sababu umesikia timu yetu ya miaka ya tisini ilikuwa ikiogopwa kutoka Suna mpaka Homa Bay. Iliogopwa kweli. Lakini wanaokusimulia hukata hadithi pale inapowapendeza. Mimi leo sikati.

Darasa niliishia la tatu, na sioni haya kulisema. Nilikata miwa, nikapakia miwa, kisha nikaenda Kisumu kufyeka nyasi kwenye uwanja wa klabu moja ya wenye nazo. Hapo ndipo nilipouona mpira wa yai kwa mara ya kwanza. Jumamosi moja walipungukiwa mtu, wakaniita nikiwa bado na fyekeo mkononi. Nilicheza nao miaka minne. Hakuna aliyenifundisha; nilitazama, nikaiga, nikavunjwa pua, nikajua. Niliporudi nyumbani nilinunua lori kwa jasho langu, nikajenga nyumba ya mawe, na mwalimu mkuu wa sekondari alipotafuta mtu wa kufundisha raga alikuja kwangu, kofia mkononi. Mwanangu, ile kofia mkononi ilinilevya kuliko chang'aa.

Nikawafundisha kwa njia yangu. Unajua skramu ilivyo: wanane wa huku na wanane wa kule wanashikana mabega, wanainama na kusukumana kama fahali, mpira uko chini katikati. Shule kubwa zilikuwa na mashine ya kujifunzia. Sisi tulikuwa na lori langu. Nililiegesha matopeni, nikawapanga vijana nyuma yake, nikawaambia wafanye kama sisi wapakizi wa miwa tunavyofanya: kidevu kifuani, kichwa chini kabisa, kisogo na mabega kwenye mbao, miguu ichimbe. Aliyeinua kichwa nilimpiga kofi la mgongo. Nilimwambia anatafuta ndege angani. Walisukuma wakiitikia harambee, na akina mama wa sokoni wakaacha dagaa wao wa omena waje kutazama.

Mmoja wa akina mama hao alikuwa mjane, Min Odhiambo, mama wa kijana wangu mwenye nguvu kuliko wote. Odhiambo alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mcheshi, shingo ndefu kama ya korongo. Wenzake walimtania kwamba yeye huchungulia juu ya ukuta bila ngazi. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa mama yule. Siku moja baada ya mazoezi mama alinijia, akafuta mikono yenye harufu ya samaki kwenye leso yake.

"Baba Akinyi," akaniambia, "huo mpira wenu wenyewe haujui unataka kwenda upande gani. Basi chezeni. Lakini huyu ndiye niliye naye. Ukimchukua, unirudishie."

Nikamwambia nitamrudisha akiwa mwanamume. Akasema yeye anataka tu arudi.

Shuleni alikuwepo mwalimu wa michezo, Mwalimu Chacha, kijana Mkuria wa kutoka upande wa Isebania, ndiyo kwanza ametoka chuo. Alikuwa mpole, miwani puani, kitabu cha sheria za raga mfukoni. Alitazama mazoezi yetu siku mbili. Siku ya tatu akaja mpaka nilipokuwa na vijana.

"Kocha, lori halianguki," akasema. "Hata mliegemee wote litasimama. Watu huanguka. Skramu ikianguka, mwenye kidevu kifuani anaangukia shingo. Wafundishe kuinua uso, mgongo unyooke."

Mwanangu, alisema neno hilo kwa heshima, na lilikuwa neno la kweli. Nililielewa pale pale. Nataka ulijue hilo, usije ukafikiri kilichonishinda ni elimu. Kilichonishinda ni kwamba vijana walikuwa wanasikiliza.

Nikamjibu: "Mwalimu, wewe raga umeisoma. Mimi nimeicheza. Hicho kitabu chako kimewahi kutoka damu puani?"

Vijana wakaangua kicheko. Odhiambo ndiye aliyecheka zaidi. Mwalimu Chacha naye akatabasamu kidogo, akarudisha kitabu mfukoni. Tukaendelea na lori.

Na tulishinda. Hapo ndipo ubaya ulipo, mwanangu, kwamba tulishinda. Tulizisukuma shule nyingine mpaka wakawa wanatuita Malori. Kila ushindi ulikuwa ukinipa haki dhidi ya Chacha, na nilihakikisha ananiona nikifurahi.

Kisha tukaenda Homa Bay. Tulisafiri juu ya lori lile lile, vijana wakiimba tangu Rongo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ulikuwa unateleza, lakini matopeni sisi tulikuwa nyumbani. Kipindi cha kwanza tuliwarudisha nyuma kama mbuzi. Kipindi cha pili refa akaita skramu karibu na mstari wao. Nikapiga kelele kutoka pembeni: "Kichwa chini! Lori!" Sauti yangu ilisikika uwanja mzima. Naisikia mpaka leo nikiwa nanyoa ndevu.

Wakagongana. Upande wa Odhiambo ukateleza, skramu ikaporomoka, miili juu ya miili. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijipangusa. Odhiambo hakuinuka. Alikuwa amelala kifudifudi, uso upande mmoja, macho wazi.

Niliingia uwanjani mbio. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza viatu vyake: "Kocha, miguu yangu iko wapi?"

Nyuma yangu Mwalimu Chacha alikuwa anakuja akipaza sauti, "Usimguse! Usimwinue!" Nilimsikia vizuri. Lakini watu wa Homa Bay walikuwa wanatutazama, na mimi nilikuwa kocha wa Malori. Nikamwambia Odhiambo, "Mwanamume halali uwanjani." Nikamshika kwapani nikamsimamisha.

Kichwa chake kilianguka kifuani kama cha jogoo aliyechinjwa.

Shingo ilivunjika alipoanguka, au niliivunja mimi nilipomwinua? Sijui. Sitajua. Nimelala na swali hilo miaka yote hii na halizeeki pamoja nami.

Hospitalini daktari alimpima, akatoka, akauliza ni nani aliyemwinua kijana huyu kutoka chini. Tulikuwa wawili tu pale barazani, mimi na Chacha. Chacha alinitazama. Akanipa muda, mwanangu, muda wa kutosha kabisa. Mimi nilitazama viatu vyangu, nikaona vina matope. Mwishowe yeye akasema, "Daktari, mimi ndiye mwalimu wa michezo. Wanafunzi hawa wako chini yangu."

Hakusema uongo. Alifungua mlango tu ili nipite, na mimi badala ya kupita nikajificha nyuma yake. Barua zikaandikwa na ofisi ya elimu, wakubwa wakaja na maswali, na kila karatasi ilikuwa na jina la Chacha. Akahamishwa. Siku anaondoka alipita nyumbani kwangu, akaniachia kile kitabu cha sheria, akaniambia nimtafute mtu wa kunisomea.  Raga ikafungwa, mpira ukatupwa stoo.

Odhiambo aliishi miaka miwili. Alirudi nyumbani kwa mama yake hana mikono wala miguu ya kutumia, kichwa tu na maneno. Fundi alimtengenezea kitanda karibu na mlango ili aone barabara. Nilikuwa nikienda kila Jumapili baada ya kanisa, nampelekea sukari nguru, maana alipenda kuimung'unya. Mama yake alikuwa akimgeuza ubavu kila baada ya muda, mchana kutwa, na vidonda vya mgongo vilikuja hata hivyo. Soko aliliacha. Alinikaribisha kila mara, akaniwekea kiti, akanipa chai.

Na kila Jumapili, tukishazungumza hili na lile, Odhiambo alikuwa ananiuliza swali moja.

"Kocha, ile siku nilikosea wapi?"

Nami namjibu, "Uliteleza, mwanangu. Ni mvua."

"Niliteleza," anasema. Kisha ananiomba kipande kingine cha sukari.

Aliuliza hivyo mpaka Jumapili ya mwisho. Vidonda ndivyo vilivyomuua. Kwenye mazishi, unajua sisi hatuzikani kimya, kila mtu anapewa kipaza sauti, nami nikapewa changu. Nilizungumza vizuri sana. Nilimwita shujaa, nilisema nchi nzima ingemjua, nilisema matope ya Homa Bay ndiyo yaliyotunyang'anya. Watu walilia. Nikakaa chini nikijifuta jasho, na wazee wakanipa mkono kwa hotuba nzuri. Min Odhiambo hakunitazama. Nikafikiri ni msiba.

Nilivumilia miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja nikaenda kwake. Alikuwa amerudia biashara yake, ameanika omena uani juu ya chandarua kikuukuu, anazigeuza kwa ufagio. Nikakataa kiti. Nikamwambia yote: kidevu kifuani, kitabu, kelele za Chacha, mikono yangu kwapani mwa mtoto wake, viatu vyenye matope.

Hakuacha kugeuza samaki wake.

"Wenzake waliniambia wiki ile ile," akasema. "Walikuwa na macho."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akinipa chai.

Hapo akasimamisha ufagio. "Odhiambo alinikataza nisiseme. Alijua kila kitu, Baba Akinyi. Alikuwa anajua ni nani aliyemwinua, si ni mwili wake? Ulifikiri anauliza kwa nini? Alitaka kukusikia wewe ukisema. Kila Jumapili ukiondoka ananiambia, 'Mama, labda wiki ijayo.' Mwanangu alikufa akikungoja. Sasa umekuja kuniambia mimi. Mimi sikuuliza."

Akarudia samaki wake. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma kisogo, kisha nikaondoka.

Chacha nilimfuata mpaka upande wa Isebania, kwenye shule aliyopelekwa, nikamwomba msamaha mbele ya walimu wenzake. Alinipa mkono. Alisema amesamehe. Lakini hakuniuliza habari za nyumbani, wala hakunisindikiza mpaka barabarani, na kwa watu wetu unajua maana yake. Lori niliuza. Kitabu chake ninacho. Mjukuu wangu amenisomea chote mara mbili, na jambo alilosema Chacha limo humo, mistari michache tu, hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kuisoma polepole.

Basi hiyo ndiyo siri uliyokuja kuitafuta. Wafundishe kuinua uso kabla ya kuwafundisha kusukuma, na kama hawajajua, usikubali skramu, hata uwanja mzima ukucheke. Mchezaji akilala chini asiinuke, usimguse. Piga magoti kando yake, mwambie uko hapo, ngojea mwenye ujuzi. Anayekusahihisha mbele ya vijana, mshukuru mbele ya vijana hao hao, hata kama ni mdogo wako, hata kama kinywa kinakuwa kichungu. Uchungu huo unaisha jioni. Wangu mimi haujaisha.

Na ukikosea, maana utakosea, usiwape watoto mvua wala matope. Wao walikuwa uwanjani. Wanajua. Mtoto akikuuliza alikosea wapi, mara nyingi jibu analo. Anachopima ni wewe.

Nenda na filimbi yako. Mungu alinde shingo za watoto wa watu watakaokuwa mikononi mwako, warudi kwa mama zao wakiwa na matope tu ya kufua. Akupe rafiki kama Chacha, na masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Na siku ile ikifika, mwanangu, akupe nguvu ya kusema "ni mimi" Jumapili ya kwanza.