Mate ya Redio kwenye kufuli la ghala

Saa mbili asubuhi, Redio anafungua chumba cha vielelezo katika maabara ya uchunguzi wa vinasaba, yaani DNA. Amevaa glavu, kofia na barakoa iliyombana hadi chini ya macho. Anapokea bahasha yenye shati la damu, anaitazama, ananyamaza.

Kunyamaza huko, jamani, kunamtoa jasho. Wenzake hawakumpa jina la Redio bure.

"Huyu hata usingizini anaongea," anasema mkewe. "Mkitaka ushahidi, liulizeni godoro."

Kwa miaka mingi Redio alikuwa akisalimia kila kielelezo kinachoingia, barakoa ikiwa kidevuni. Shati atalipa pole, kisu atakisuta.

"Nguo ya mtu aliyeumizwa utaipokeaje kama gunia la viazi?" anauliza. "Mimi nimelelewa, bwana."

Ndipo siku moja likaletwa kufuli lililovunjwa kwenye ghala la saruji. Redio akaliinamia, akalipa pole ndefu. Mate nayo hayana adabu, yakaruka.

Wataalamu walipolipima wakakuta vinasaba vya mtu asiyejulikana. Polisi walikuwa wameshamkamata fundi mwashi aliyekuwa akipiga lipu pale ghalani. Wakamwambia: mwenye vinasaba hivi ni mwenzako, mtaje. Fundi akaapa hamjui. Akanyimwa dhamana, na mpaka leo yuko rumande. Mkewe amejifungua yeye akiwa ndani.

Mwezi uliopita mkuu mpya wa maabara aliagiza kila mfanyakazi apitishwe kijiti cha pamba ndani ya shavu, ili vinasaba vyake visichanganywe na vya wahalifu. Majibu yalipotoka, akamwita Redio na kufunga mlango.

"Mzee, unajua ulichofanya?"

"Nisamehe, bosi. Ile sukari nilichota kidogo tu, chai ilikuwa chungu..."

"Sukari gani? Wewe ndiye mwizi wa ghala anayesakwa!"

Habari ilipovuka mlango, maabara nzima ilicheka, mkuu mwenyewe akashika mbavu. Redio naye akacheka, kisha akauliza yule fundi yuko wapi. Alipoambiwa, kicheko kikamkauka. Alilia mbele ya watu wazima wenzake, wala hakujificha.

Kesho anasimama mahakamani kutoa ushahidi. Wakili wa fundi amemsihi ajibu kwa kifupi: ndiyo, hapana, basi.

"Kifupi?" mkewe anaangua kicheko jioni nyumbani. "Hakimu aje na chakula chake cha mchana."

Redio anainyoosha suruali aliyoipiga pasi tangu jana, anaitundika mlangoni.

"Mate ya mdomo huu yamemfungia mtoto wa watu," anasema. "Basi mdomo huu huu ukamfungulie. Akishatoka, akitaka kunizaba kofi, anizabe, haki yake. Ila kwanza aende akambebe mwanawe."